Nta, ngozi na feleji: niliyoyaona ndani ya kodiani

Ukiiona kodiani jukwaani, katikati ya fidla na ganuni, utadhani ni kitu kimoja tu: sanduku jekundu linalometameta, linavutwa na kusukumwa. Ifungue sasa. Mle ndani mna kazi ya seremala, ya mshona viatu, ya mhunzi, ya mrina asali na ya mfuga kondoo, na kila mmoja kaacha mali yake ambayo hewa ya pwani yetu inaimezea mate. Mimi ni seremala wa milango na makasha hapa Unguja. Kwenye kodiani nilisukumwa na maalim mmoja wa taarab. Klabu yao ilikuwa na moja iliyotoka Ujerumani Mashariki, imelala kabatini tangu mpigaji wake alipofariki.

"Fundi, wewe si mtu wa mbao? Na hii nayo mbao."

"Maalim, mbao naijua. Lakini hii inaimba."

"Basi ifungue uone inaimbia wapi. Ikikushinda tutairudisha kabatini, hakuna atakayekudai."

Kuifungua hakuhitaji uganga. Pale mvukuto, ile sehemu ya mikunjo inayovutwa na kusukumwa, unapokutana na sanduku, pembeni pote, kuna misumari midogo. Unaichomoa kwa koleo taratibu na kuipanga ulivyoitoa, maana tundu zake hazilingani. Sanduku likishaachana na mvukuto, kinachokupokea ni harufu kabla ya sura: nta kuukuu, ngozi, koga, na kwa mbali karafuu maiti. Hiyo ya mwisho ilinishtua, kwani kwetu harufu ile ina mahali pake, na si penye ngoma. Baadaye nikaelewa. Lile ganda linalong'aa ni seluloidi, na seluloidi ni pamba iliyopitishwa kwenye asidi ya nitriki kisha ikachanganywa na kafuri, ambayo ndiyo hiyo karafuu maiti. Ukiipiga msasa, kafuri inatoka. Ndiyo maana siku ninayokwaruza ganda, hata mwenye sigara simruhusu kuvuka kizingiti: seluloidi hushika moto haraka kuliko makuti.

Kuhusu ganda nitasema machache, ingawa ndilo wateja wanaloliuliza kwanza. Chini yake ni mbao nyembamba za kawaida, wala si za kujivunia. Seluloidi hulainishwa kwa asitoni, ikavutwa juu ya mbao kama ngozi juu ya ngoma, ikikauka inajibana yenyewe. Ni nzuri kwa macho, inazuia jasho lisiingie kwenye mbao, basi. Nimeona kodiani zenye ganda lililopasuka kila kona zikiimba vizuri sana, na nimeona zilizong'arishwa hadi unajiona uso, ndani hamna kitu.

Sauti inatoka kwenye ndimi. Ni vipande vyembamba vya chuma cha feleji, cha aina ileile ya springi za saa, na tangu zamani mafundi wa Ulaya wamekipenda kile kinachotoka Uswidi. Kila ulimi umepigwa ribiti upande mmoja tu juu ya kibamba cha alumini ngumu au zinki, na chini yake pana ufa uliokatwa sawasawa na umbo lake, kiasi kwamba ulimi unapita ndani ya ufa bila kugusa kingo, na pengo lililobaki unywele haupenyi. Hewa ikipita, ulimi unatetemeka. Kila kibamba kina ndimi mbili, mmoja upande huu na mwingine upande wa pili: mmoja unaimba ukivuta mvukuto, mwingine ukisukuma. Fanya hesabu ya kodiani kubwa ya kawaida, yenye vibonyezo 41 vya kulia na safu nne za sauti, na upande wa kushoto noti 12 zenye safu tano. Utapata ndimi 448. Nilipowaambia vijana wa klabu, mmoja akasema, "Kumbe watu wote hawa tunawabeba mabegani!"

Ndimi bora hukatwa na kusawazishwa kwa mkono. Mji wa Castelfidardo huko Italia, karibu na Ancona, umekuwa ukiishi kwa kazi ya kodiani tangu miaka ya 1860, Paolo Soprani alipofungua karakana yake. Ndimi za mkono huwa mara nyingi zimebaki na rangi ya buluu karibu na ribiti, ile buluu ya chuma kilichopikwa. Alama hiyo hutazamwa na wengi, ila mimi naamini zaidi sikio. Ulimi mzuri unaitika kwa pumzi ndogo kabisa. Ulimi wa mashine za bei rahisi unataka usukumwe, na mpigaji wa taarab anayehitaji kunong'ona chini ya sauti ya mwimbaji hatapata anachotaka.

Sasa vile vibamba vinashikwa na nini kwenye mbao? Hapa ndipo nilipobadilika mawazo kuhusu ufundi mzima. Vinashikwa na nta ya nyuki. Si msumari, si skrubu, wala si gundi. Vimepangwa kwenye vigogo vya mbao nyepesi ya jamii ya msonobari, kila kimoja juu ya kichumba chake cha hewa, na pembeni pote imemiminwa nta iliyochanganywa na utomvu mkavu wa msonobari, ule ule wanaoupaka kwenye nyuta za fidla. Zipo kodiani, hasa za Urusi, ambazo vibamba vyake virefu hupigiliwa juu ya ngozi, lakini nyingi zinazofika kwetu ni za nta. Na si jambo la Wazungu peke yao. Wachina wana ala yao ya kale iitwayo sheng, yenye mianzi na ndimi za namna hii hii, na wao pia nta wanaitumia kushikia ndimi na hata kurekebisha sauti. Kodiani yenyewe ni ya juzi tu ukilinganisha: Cyrill Demian aliisajili Vienna mwaka 1829.

Kwa fikra ya seremala, nta ni kitu cha mchezo. Mlango wa mfenesi unaushika kwa hesi na misumari ya shaba ili wajukuu waukute. Nilijiuliza, watu walioweza kukata ufa usiopenyeza unywele wameshindwaje kupata gundi ya maana? Jibu lilikuja nilipotaka kutoa kibamba kimoja. Nilipitisha kisu cha moto pembeni, kibamba kikatoka mzima, ulimi haukuguswa. Nta imechaguliwa kwa sababu inakubali kuachia. Inaziba hewa kama inavyotakiwa, inashika vya kutosha, na siku ya kutengeneza inafunguka bila ugomvi. Ukitazama hivyo, utaona karibu kila kitu mle ndani kimechaguliwa kwa ulegevu wake: kadibodi kwa kuwa inakunjika, sufu kwa kuwa inameza kelele, ngozi kwa kuwa inajilaza penye mahali pasipo sawa. Feleji peke yake ndiyo iliyochaguliwa kwa ubishi.

Asiyelielewa hilo huleta balaa. Imewahi kunifikia kodiani ambayo fundi aliyenitangulia, simjui na sitaki kumjua, alishikiza vibamba vya safu nzima kwa ile gundi ya tyubu mbili za kuchanganya. Imara kama zege. Baadhi ya ndimi zilikuwa na kutu na zilihitaji kutoka, hazikutoka. Kila nilipojaribu, mbao ilipasuka kabla ya gundi. Safu ile ilibidi nichonge kigogo kipya, na mwenye kodiani alilipia mara mbili kazi ambayo vipande viwili vya nta vingeimaliza.

Nta nayo ina tabia zake na joto letu. Inayeyuka kwenye nyuzijoto 62 hadi 64 hivi, lakini inalainika kabla ya hapo, na gari lililofungwa vioo saa saba mchana juani haliko mbali na huko. Ukiiacha kodiani kwenye buti wakati mnakula pilau ya harusi, mnaweza kurudi mkakuta vibamba vimeteleza na vingine vimeanguka chini, ukiitikisa inalia kama njuga. Kwa upande mwingine, nta ikizeeka inakauka. Naijaribu kwa ukucha: ikipokea alama ni hai, ikimeguka vumbi imekwisha, na huna sababu ya kuziba nyufa kwa kuongeza nta mpya juu ya ile mfu. Toa yote. Mchanganyiko unaojulikana zaidi ni sehemu nne za nta kwa sehemu moja ya utomvu. Utomvu ndio unaoipa nta kunata na kusimama, ila ukizidisha inakuwa kioo, inapasuka. Mimi nanunua nta ya Tabora, nayeyusha ndani ya chombo kilichokaa kwenye maji ya moto, nachuja kwa kitambaa cha kanga ya zamani kuondoa mabawa ya nyuki. Nta ya mshumaa wa dukani usijaribu. Hiyo ni mafuta ya petroli, haishiki chuma wala mbao.

Tuje kwenye ngozi. Nimesema kibamba kina ndimi mbili. Ule ambao si zamu yake lazima ufa wake uzibwe, la sivyo hewa inapotea bure na mpigaji anahema kabla ya beti la pili. Kinachouziba ni kipande cha ngozi laini ya mbuzi, chembamba, kimegundishwa ncha moja tu kiweze kufunguka na kufunga kwa pumzi. Masika yakiingia, ngozi hizi hunyonya unyevu. Kiangazi kikirudi zinakauka na kujikunja. Zikijikunja, noti inachelewa kuitika, au inaanza na mkoromo kidogo kama mtu anayesafisha koo. Mara nyingi mpigaji hulaumu ulimi, kumbe ni kigozi.

Kwa kuwa tuna mbuzi tele, mtu angedhani ngozi si tatizo. Niliwafuata watengeneza ngoma, wakanipa ngozi yao. Ni ngumu, haikutiwa dawa ya kulainisha, ni ya kupigwa na si ya kupepea. Iliyonifaa nimeipata kwenye mitumba. Glavu za kike za ngozi ya mwanambuzi, zile zinazokuja kwenye marobota ya makoti ya baridi, hakuna anayezinunua hapa kwetu, na ngozi yake ni nyembamba na laini ile ile inayotakiwa. Makoti ya sufu nzito nayo nayanunua kwa bei ya tambara. Chini ya kila kibonyezo kuna kifuniko kinachofunga tundu la hewa, na kifuniko hicho kimevishwa sufu ya kondoo iliyoshindiliwa, juu ya sufu ngozi. Nondo wanaipenda sufu hiyo mno. Wakiimaliza, kibonyezo kinapiga mbao kwa mbao, na kipaza sauti hakina adabu, kinatoa kila kishindo. Jamaa mmoja wa bara alibandika mpira wa tyubu ya baiskeli badala yake. Ulikaa vizuri mpaka joto lilipouamsha, ukanata, na vibonyezo vikawa vinafunguka kwa mlio wa kubusu.

Mvukuto ni kadibodi. Watu hawaamini nikiwaambia. Ni kadibodi ngumu iliyokunjwa mikunjo mingi, imevishwa kitambaa, na kwenye pembe za ndani, pale panapokunjika kwa shida, kuna vipande vya ngozi nyembamba. Nje kila pembe imebanwa na kibati cha chuma isichubuke. Adui wake hapa ni mende, wanaokula gundi, na ile tabia ya kuisimamisha kodiani sakafuni penye saruji inayotoa jasho. Ukitaka kujua kama mvukuto ni mzima, fungua kamba zake, ishike juu kwa upande mmoja bila kubonyeza chochote, uache uzito wa upande wa pili uvute. Ikishuka polepole, nzuri. Ikianguka tu, tafuta panapovuja, na papase pembe kabla ya mahali pengine popote.

Chumvi ya bahari ndiyo inayonikalisha usiku. Feleji haina kinga, inaota kutu, na alumini inatoa unga mweupe unaojaza lile pengo la unywele. Ulimi ukiguswa na chembe moja tu unanyamaza. Hapo ndipo watu wema hufanya jambo baya: wanapuliza mafuta ya cherehani. Mafuta yanakusanya vumbi, yanalegeza nta, yanaharibu ngozi, na ulimi wenye mafuta unakuwa mzito. Ndani ya kodiani hakuna panapotakiwa mafuta. Kutu naitoa kwa kukwaruza kidogo, ulimi umeegemezwa juu ya kile kibamba chembamba ambacho mafundi magari hupimia pengo la plagi, usije ukapinda. Na kila ukwaruzapo unabadilisha sauti. Ukipunguza chuma nchani, sauti inapanda. Ukipunguza karibu na ribiti, inashuka. Ndimi nzito za besi zimeongezewa hata kipande cha shaba nchani ili zishuke zaidi. Kwa hiyo kutu haitolewi ovyo, unatoa huku na huku ukisikiliza, na ukumbuke kwamba noti iliyo sawa mezani haitakuwa sawa kabisa ikirudi ndani ya sanduku.

Nimeona pia kodiani ya vitufe kutoka milima ya kati ya Kenya, kwa watu wa mwomboko, ngoma ya Wakikuyu, ambao huipiga pamoja na ile pete ya chuma ya karing'aring'a. Ilikuwa na umri mkubwa kuliko ya klabu yetu. Nta yake ilikuwa imekauka kwa baridi na miaka, lakini feleji ilikuwa safi, haina hata doa. Tangu siku ile nikiambiwa kodiani fulani ni ya zamani sana, swali langu ni imekaa wapi, si imetengenezwa lini.

Rafiki yangu mmoja aliye Muscat alinitumia picha za moja anayotaka kuinunua. Kaitamani kwa rangi, kijani ya kimanjano. Nikamwambia ainuse. Alicheka, lakini akaenda akainusa: koga. Akaomba ifunguliwe, muuzaji akakataa. Alinunua nyingine, nyeusi, iliyochakaa mikanda, na mpaka leo hajaniletea niitengeneze.

Ile ya maalim ilipona, ndipo tukaingia kwenye fitina. Kodiani imetengenezwa kwa ngazi ya Kizungu, wakati maqam zetu, yaani ngazi za sauti za Kiarabu, nyingi zina robo tuni. Ukianzia C, maqam ya rast inataka E na B zilizo katikati, si nzima wala si za kushushwa. Fidla inazipata kwa kidole, ganuni ina vibati vyake, kodiani inabaki imekaa kimya au inachafua. Wamisri walishalitatua siku nyingi kwa kugeuza ndimi. Maalim akataka na yake igeuzwe. Mimi nikaogopa kushusha E kwa robo nzima, maana ni kuukwaruza ulimi shinani mpaka udhoofu.

Njia iliyotutoa ilikuwa upande wa kushoto. Wapigaji wengi wa taarab niliowaona mkono wa kushoto kazi yake ni kuvuta na kusukuma, besi na kodi zake, yaani noti zinazolia kwa pamoja, haziguswi. Kwa hiyo kule kulikuwa na vibamba vya miaka mingi ambavyo havijawahi kuchoka. Nikatoa vya E bemoli, yaani E ya kushushwa, vinavyolingana, nikavipandisha robo kwa kupunguza ncha, jambo lisilodhuru ulimi, nikaviweka mahali pa E kwenye safu moja tu ya kulia. Safu nyingine ziko kama zilivyotoka Ujerumani, mpigaji anachagua kwa rejista, zile swichi za kubadilisha safu. E za asili ziko ndani ya bahasha, zimeandikwa oktavu zake, na kwa sababu ya nta zinaweza kurudi siku yoyote.

Wazee wawili wa klabu wamekasirika. Wanasema kodiani si gari la kukatwa spea. Maalim anasema noti zisizopigwa ni uzito wa bure mabegani. Sasa anataka na B, na vibamba vya kutosha vipo. Mimi nimemwambia tungoje kipupwe, kwani nta niliyoimimina wakati wa joto ilikuwa ikinikimbia pembeni kabla haijakaa. Yeye anasema harusi hazingoji kipupwe. Bado tunavutana.